Viwanja vya awamu katika bonde la mpunga: tathmini ya huduma niliyoikagua mara mbili

Mpwa wangu, ambaye ni mwalimu wa skuli ya sekondari na anaishi katika vyumba viwili vya kupanga pamoja na mkewe na watoto wao, aliniomba mwezi wa Februari nimsindikize kwenda kukagua kiwanja kinachouzwa na kampuni moja kwa malipo ya awamu. Alinichagua mimi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mimi ni mjomba wake, na kijana mwenye mjomba aliye hai haendi kununua ardhi peke yake. Ya pili ni kwamba nimefanya kazi ya ubwana shamba kwa miaka 31, tokea nilipotoka Chuo cha Kilimo Kizimbani hadi nilipostaafu, na yeye anaamini kwamba mtu aliyekanyaga makonde muda wote huo hawezi kudanganywa kuhusu udongo. Tulikwenda mara mbili, Februari na Aprili, na tathmini hii inatokana na safari zote mbili. Kampuni sitaitaja, wala kijiji, kwa sababu anayetafuta kiwanja leo katika Wilaya ya Magharibi 'A' au Magharibi 'B' hapa Unguja atakutana na huduma ya namna hii, kwa jina hili au jingine, kabla hajamaliza wiki ya kuulizia.

Nianze na mazuri, kwa kuwa yapo na si haki kuyaficha. Simu yao inapokelewa mara ya kwanza inapolia. Ada ya ukaguzi ni shilingi 20,000, ambayo hukatwa katika bei iwapo utanunua, na kwa fedha hiyo tulichukuliwa kwa Noah kutoka Mwanakwerekwe saa mbili na nusu asubuhi, yaani saa ile ile tuliyoahidiwa, jambo ambalo kwa desturi zetu linastahili kuandikwa. Afisa mauzo aliyetupokea ni kijana mwenye adabu, aliyeniamkia kabla sijateremka garini na hakunikatiza hata mara moja nilipokuwa nikisema. Ramani ya mradi imechapwa juu ya turubai pana, pamoja na picha ya eneo zima iliyopigwa kwa droni, na kila kiwanja kimewekewa vigingi vya zege vilivyopakwa rangi nyekundu na kuandikwa namba. Viwanja ni 42, kila kimoja futi 40 kwa futi 60, na njia baina yake zina upana wa futi 15. Kiwanja cha msikiti kimetengwa. Bei ni shilingi milioni 14, ambapo mnunuzi hutanguliza milioni 5 na iliyobaki huilipa kwa miezi kumi, kila mwezi laki tisa. Kwa mwalimu mwenye mshahara wa mwalimu huo ni mzigo mkubwa, lakini ni mzigo unaobebeka, na hapo ndipo ilipo nguvu ya huduma hii: benki hazimkopeshi kwa urahisi mtu asiye na hati ya kuweka rehani, ilhali kampuni inamkubali kwa kitambulisho na mdhamini mmoja.

Kwa mtu anayeitazama huduma kuanzia mapokezi hadi risiti, basi, ningeweza kuandika kwamba imetengenezwa vizuri na nikaishia hapo. Tatizo ni kile kinachouzwa.

Tulipoteremka garini nilipatambua mahali tulipo kabla kijana hajafungua turubai lake, kwa sababu vigingi vyake vilikuwa vimepigiliwa juu ya kingo za majaruba. Mabua ya mpunga wa mwaka uliopita yalikuwa bado yamesimama, meupe, yamekatwa usawa wa kifundo cha mguu, na ardhi yote baina yake ilikuwa imepasuka vipande vipande kama chungu kilichoanguka. Baadhi ya nyufa zilimeza kiganja changu chote mpaka kwenye saa. Nilimuuliza kijana nyufa hizi ni za nini, akanijibu kwa heshima: "Ni kaskazi tu, mzee. Mvua ikinyesha zinajifunga zenyewe." Alikuwa amesema kweli, na sidhani kama alijua uzito wa kweli aliyoisema.

Niliokota bonge moja, kubwa kama embe dodo lakini zito kuliko linavyoonekana. Kulivunja kwa mkono nilishindwa. Nililigonga kwenye kigingi likapasuka vipande viwili, na kuta za ndani ziling'aa kama sabuni iliyokatwa kwa uzi. Nikamimina maji kidogo kutoka katika chupa waliyotupa, nikaukanda udongo ule, nikauviringisha baina ya viganja mpaka ukatoka uzi mwembamba kuliko penseli, nikaukunja ukawa pete, na pete ile haikukatika popote. Nikamvisha mpwa wangu kidoleni. Kazini kwetu, udongo unaotoa pete kamili huandikwa kinamo, yaani udongo mzito wa mfinyanzi, bila ya kusubiri jibu la maabara, na mkulima yeyote wa mabonde ya Unguja anaweza kukufanyia kipimo hicho akiwa amefumba macho.

Naomba msomaji anivumilie nieleze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu kipeperushi cha kampuni hakikulitaja hata kwa neno moja. Wakulima wa kisiwa hiki wameyapa majina makundi ya udongo wao muda mrefu kabla wataalamu hawajaja na vitabu. Upo mchanga, upo kinongo chenye rangi nyekundu ya kutu ambacho hukaa katika maeneo yaliyoinuka, kipo kinamo cha mabondeni, na kisha upo uwanda, au maweni, ambao ni tabaka jembamba la udongo juu ya mwamba wa matumbawe, upande wa mashariki na kusini. Udongo wenye kina, unaoweza kubeba mikarafuu, minazi, migomba, muhogo na mpunga, umekusanyika zaidi upande wa magharibi na katikati ya kisiwa. Mji nao uko magharibi. Kila unapojinyoosha unajinyoosha juu ya udongo ule ule uliokuwa ukiulisha, kupitia Mtoni, Bububu, Mwera, Fuoni na kuendelea, wakati maweni, ambako jembe hugonga jiwe kabla halijazama, hubaki kuwa mbali, isipokuwa ule ukanda wa pwani uliokwishachukuliwa na mahoteli.

Kinamo kina tabia moja ambayo kwa mpunga ni neema na kwa nyumba ni balaa. Kikinywa maji huvimba na kuziba, hivyo maji hayapenyi kwenda chini bali hukaa juu katika jaruba kwa wiki nyingi, na mpunga hutaka hivyo hasa. Kikikauka hunywea na kupasuka. Sasa jenga ukuta juu yake. Masika msingi unasukumwa juu, kaskazi unaachwa unaning'inia, na kwa kuwa udongo wa chini ya sakafu haukauki sawasawa na ule wa nje, pembe moja ya nyumba hupanda huku nyingine ikishuka. Nilipokuwa kazini mkulima alinisumbua kwa kuuliza mbolea itakuja lini. Tangu nistaafu watu wananisumbua kwa kuniuliza kwa nini milango yao haifungi tena. Sifa zile zile zilizolifanya konde lile kuwa zuri ndizo zinazokifanya kiwanja kiwe kibaya, na kwa hiyo kampuni inauza hasara mbili kwa bei moja.

Tulimwambia afisa mauzo kwamba tungependa kurudi masika yakishika. Aliandika katika daftari lake, akatuahidi gari. Tulipopiga simu katikati ya Aprili tulijibiwa kwamba njia haipitiki na kwamba ukaguzi umesitishwa hadi Juni. Huduma ya kuonesha viwanja ambayo hufungwa katika miezi ambayo kiwanja kina la kusema ni huduma ambayo mnunuzi anapaswa kuitilia shaka, na hilo ndilo lililotufanya tuende wenyewe, kwa daladala mpaka mwisho wa lami na kisha kwa bodaboda, na robo saa ya mwisho kwa miguu tukiwa tumekunja suruali.

Vigingi vilikuwa vimesimama ndani ya maji. Kiwanja namba 17, ambacho mpwa wangu alikuwa amekichagua kwa sababu kiko pembeni na kina upepo, kilikuwa na kina cha kufika nusu ya muundi, na vyura walikuwa wakilia mchana. Upande wa pili wa njia ipo sehemu ya kwanza ya mradi, iliyouzwa miaka kadhaa nyuma, ambako nyumba saba au nane zimekwisha kujengwa na watu wanaishi. Mwenye nyumba mmoja, baba wa makamo, alitukaribisha barazani bila ya kutujua. Nyumba yake ni nzuri, ina vigae na madirisha ya vioo, lakini kutoka kwenye pembe ya dirisha la sebuleni unashuka ufa wa ngazi ngazi ukifuata viungo vya matofali, na katika sehemu yake pana niliingiza sarafu ya shilingi 200 ikazama mpaka nusu. Alisema ameuziba mara tatu. Karo la choo chake hujaa maji ya ardhini kila masika, hivyo katika miezi hiyo familia hutumia choo cha jirani aliyeinua kiwanja chake, na kisima chake kiko hatua kumi na nane kutoka kwenye karo hilo, kwani nilizihesabu. Sikumuuliza kama huchemsha maji.

Kijana wa mauzo, nilipompigia simu jioni ile kumweleza tulichokiona, alijibu: "Mzee, pakishamwagwa kifusi panakuwa kama pengine popote." Hii ndiyo hoja yao kubwa, na inafaa kupimwa kwa hesabu. Kukiinua kiwanja cha futi 40 kwa 60 kwa futi mbili tu, ambazo kwa namba 17 hazitoshi, kunahitaji futi 4,800 za ujazo, sawa na mita za ujazo 136 hivi. Lori dogo linalobeba mita 5 litakwenda na kurudi mara 27 hivi, na kinamo kilicho chini yake kitaendelea kuvimba na kunywea kama kawaida yake. Mnunuzi aliyejikamua kulipa milioni 14 hana fedha hiyo, kwa hiyo huinua pale penye nyumba tu, maji yakaenda kwa asiyeinua, ambaye naye huinua mwaka unaofuata, maji yakarudi. Kifusi chenyewe hutoka kwenye shamba la mtu mwingine. Aliyepita Pangatupu na kuyaona mashimo yaliyochimbwa mchanga wa kujengea anajua kwamba ardhi ya namna hiyo hairudi kulimika kwa kusubiri. Tabaka la juu likishaondoka, hata muhogo, ambao si mteuzi, hukataa. Serikali ililazimika kuingilia kati na kudhibiti uchimbaji na usafirishaji wa mchanga katika kisiwa hiki. Kwa hiyo kiwanja kimoja cha bondeni hula makonde mawili, lile kilichokaa juu yake na lile kililochimbiwa.

Kuhusu njia na mitaro sina mengi. Njia zimechorwa, hazijatengenezwa. Mtaro haumo hata katika mchoro. Wakaazi wa Mwanakwerekwe na Sebleni hawahitaji kuelezwa na mimi nini hutokea maji yakinyimwa njia.

Nyaraka ndizo zilizonichukua muda mrefu zaidi, na hapa ningependa wasomaji wanaokusudia kununua wasome polepole. Karatasi tuliyopewa tuipitie imeandikwa kwa unadhifu, ina nembo, ina nafasi ya saini ya mashahidi wawili na ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa. Kifungu kimoja kinasema kwamba mnunuzi "amekagua eneo na ameridhika na hali ya ardhi," na kingine kinasema kwamba akighairi baada ya malipo ya kwanza atarejeshewa fedha zake kwa kukatwa asilimia 30. Nilipouliza ardhi ilikuwa ya nani kabla ya kampuni, nilijibiwa kwamba ni ya familia moja, ni eka tatu, na wote wamekubali.

Neno eka tatu lilinisimamisha. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ilichukuliwa na Serikali, na kuanzia 1965 wananchi waliokuwa hawana ardhi, wengi wao wakiwa wamekaa katika mashamba ya wengine kwa hisani, waligaiwa eka tatu tatu ili walime. Walipewa haki ya kuitumia ardhi ile kwa kilimo. Hawakupewa mali ya kukata vipande na kupeleka sokoni. Sheria namba 12 ya 1992 inayohusu matumizi ya ardhi imeendelea kuiweka ardhi yote ya Zanzibar kuwa mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na mtu huwa na haki ya matumizi tu. Haki hiyo ikitaka kuhamishwa, Sheria ya Uhaulishaji wa Ardhi ya 1994 imeweka Bodi inayopaswa kuangalia na kuridhia. Saini ya sheha ni ushahidi kwamba watu wawili wamekubaliana mbele yake, na heshima ya masheha wetu ni kubwa, lakini saini hiyo haiwi hati ya umiliki hata ikigongwa muhuri mara tatu. Nilimuuliza kijana kama uhaulishaji umepita katika Bodi na kama yapo mabadiliko ya matumizi kutoka kilimo kwenda makaazi. Alisema suala hilo liko kwa mwanasheria wao, ambaye siku hiyo hakuwepo. Aprili pia hakuwepo.

Si haki, hata hivyo, kumlaumu aliyeuza kabla ya kuangalia hesabu yake. Eka tatu zilizogaiwa kwa baba mmoja sasa zina warithi tisa, na katika mafungu ya mirathi ya Kiislamu kila mmoja hupata kipande ambacho hakimtoshi kulima wala hakimruhusu kuondoka. Trekta la kuburuga huja likichelewa. Ndege wanakula, na vijana wa kuamia ndege wako skuli au wako mjini. Mwaka mzuri mavuno ni mapolo machache, na mwaka ambao mvua imekatika mwezi wa Mei ni mabua matupu. Anapokuja mtu na fedha taslimu mkononi, tena anaahidi kushughulikia karatasi zote, anayemkataa ni mtu mwenye kipato kingine. Mimi mwenyewe kwa miaka 31 niliwaambia wakulima wa mabonde watumie mbegu bora na watawaona watoto wao wakisoma, na siwezi leo kusema kwamba serikali niliyoitumikia ilitimiza upande wake wote wa ahadi hiyo.

Wala siwezi kumlaumu mnunuzi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima; ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake ulitoka watu 593,678 ukafika 893,169, yaani karibu laki tatu wameongezeka katika miaka kumi, na kila mmoja wao anahitaji pa kulala. Mpwa wangu ni mmoja katika hao. Kinachonikera ni namna tunavyowapa nafasi: kila kaya kiwanja chake, kila kiwanja nyumba ya chini, ukuta pembeni, na mwembe uliokatwa ili gari lipite. Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi, yana kasoro zake, na anayepandisha madumu ya maji ghorofa ya juu anazijua kuliko mimi, lakini yamebeba maelfu ya watu katika eneo ambalo mradi huu wa viwanja ungewapa mamia. Tulikuwa na mfano nyumbani kwetu, tukauacha, tukarudi kujenga kwa kutandaza kama mtu anayeanika karafuu.

Mchele mwingi tunaokula visiwani unaingia kwa meli. Hilo linajulikana, na kila tende na mchele vinapopanda bei kabla ya Ramadhani watu hulalamika bandarini na madukani. Ni wachache wanaounganisha lalamiko hilo na turubai lenye picha ya droni. Mabonde yanayofaa mpunga Unguja yanahesabika: Cheju, Mtwango, Bumbwisudi, Kibokwa, Kinyasini, Chaani, Muyuni na mengine ambayo bwana shamba yeyote anaweza kukutajia bila kutazama ramani. Serikali imeyajengea baadhi yake miundombinu ya umwagiliaji maji kwa gharama kubwa. Mabonde madogo yasiyo na mfereji wala jina kubwa, kama hili nililolikagua, hayana mtetezi, na yanaondoka majaruba mawili au matatu kwa mwaka bila mtu kutangaza.

Kwa wale ambao, baada ya yote haya, bado wanataka kuitumia huduma ya namna hii, nina maombi machache ya kiutendaji. Mkague kiwanja masika, hata kampuni ikikataa kukupelekeni, na mwende na jembe, kwa sababu shimo la futi mbili litakuambieni zaidi ya kipeperushi. Mwulize mtu anayeishi jirani, si anayeuza. Msitie saini kifungu cha kuridhika na hali ya ardhi kabla hamjaiona ikiwa na maji. Muulizie Kamisheni ya Ardhi matumizi yaliyopangwa ya eneo hilo, na mtake kuona uamuzi wa Bodi ya Uhaulishaji kabla ya kutanguliza fedha. Nyote mnaoambiwa "mwanasheria atashughulikia," mwombeni namba yake ya simu papo hapo.

Nikilazimika kutoa alama, nitawapa mapokezi na usafiri wa Februari nyota nne kati ya tano, maelezo ya mkataba nyota mbili, na bidhaa yenyewe sitaipa nyota hata moja. Mpwa wangu hakununua. Alipoteza shilingi 20,000 zake za ukaguzi pamoja na nauli, na kwa wiki mbili hakunipigia simu, kwa sababu alikuwa amekwisha kumwonesha mkewe picha ya namba 17. Sasa wanazungumza na mama yake, dada yangu, kuhusu kupandisha ghorofa juu ya nyumba yake ya Amani, ambayo msingi wake uko juu ya mchanga mzuri na fundi amesema nguzo zinaweza kuongezwa. Mama mtu ana masharti yake, la kwanza likiwa ngazi isipite mbele ya jiko lake.

Limebaki jambo moja la ile safari ya Aprili. Tulipokuwa tunaondoka tulimkuta bibi mmoja ameinama katikati ya vigingi, kanga ameifunga kibwebwe, maji yamemfika muundini, anapalilia mpunga uliokwisha kuota safi, wa kijani kibichi, ukizizunguka zile namba nyekundu pande zote. Ni mmoja wa wale warithi tisa. Fungu lake, kwa kuwa ni la mwanamke, lilikuwa nusu ya fungu la kila kaka yake, na alilitumia kulipia matibabu ya jicho na kuezekea jiko. Kampuni imemruhusu aendelee kulima katika viwanja ambavyo wenyewe hawajaanza kujenga. Alitutazama kwa muda, akatudhania ni wanunuzi, akauliza:

"Nyinyi ni wa namba ngapi, wanangu?"

"Kumi na saba, bibi," akajibu mpwa wangu, "lakini hatujalipa."

"Basi kumi na saba nitavuna," akasema, akainama tena.